Joan Capdevila: alibebwa, ao alibeba?



Kuna maneno yanarudiaka kila mara tukizungumza mupira: kwamba mu ile Uhispania ya 2010 kulikuwa wachezaji kumi na abiria mumoja. Abiria huyo, wanasema, ni Joan Capdevila, beki wa kushoto. Watu wanacheka: "Kama huyu naye ana Kombe la Dunia, basi hata siye tungelipata." Halafu wanaleta ushahidi wa pili: angalia mwisho wake, alifika mpaka India, mpaka Andorra, muchezaji mukubwa hazungukake vile. Ninataka kupima hayo maneno mawili, moja moja, polepole, kama tulivyofundishwa kupima shamba: unaingia ndani, unaangalia kile kiko, hauandiki kile jirani alikuambia barabarani.

Hukumu yangu naitoa mapema, ili yule mwenye megabaiti kidogo aende nayo. Capdevila hakubebwa. Alifanya kazi ambayo ile ekipe haingekamilika bila mutu wa kuifanya. Lakini kazi ya namna ile iko na deni lake, na deni hilo alianza kulilipa mu 2011. Hiyo sehemu ya pili njo inanigusa zaidi, juu inatuhusu siye wenye lisansi na kontra za miezi sita.

1. NJIA ALIYOPITA

Alizaliwa tarehe 3 Februari 1978 mu Tàrrega, mji mudogo wa jimbo la Lleida, Katalonia. Wenzangu wa agronomia watapenda kujua kwamba ni inchi ya nafaka, uwanda mukavu ambao mfereji wa Urgell uliuletea maji ya kumwagilia tangu karne ya 19. Alianza mupira wa daraja la kwanza na Espanyol, ekipe ya pili ya mji wa Barcelona.

Mu 1999 akaenda Atlético Madrid. Hapo alikaa msimu mumoja tu, na ulikuwa msimu wa balaa. Korti iliiweka klabu chini ya musimamizi, ekipe ikashuka daraja mu 2000, na juu ya hayo ikapoteza fainali ya Kombe la Mfalme mbele ya Espanyol, klabu ile ile kijana alikuwa ametoka. Alikuwa na miaka 22. Akatoka hapo pamoja na golikipa José Molina na kiungo Juan Carlos Valerón, wote watatu wakaenda Deportivo La Coruña, mabingwa wapya wa Uhispania.

La Coruña alikaa misimu saba. Halafu Villarreal misimu minne, kutoka 2007 mpaka 2011. Halafu Benfica ya Lisbon, mwaka mumoja. Akarudi Espanyol, misimu miwili. Mu 2014 akaenda India, NorthEast United ya mji wa Guwahati. Mu 2015 Lierse ya Ubelgiji. Mwisho Santa Coloma, mu ka-inchi ka Andorra, kati ya milima ya Ufaransa na Uhispania. Mu 2017 akaacha kucheza.

Hesabuni na mimi: klabu nane, inchi tano. Ukisoma ile orodha mbio mbio, unaona mutu wa kuhamahama. Lakini weka miaka pembeni ya kila jina, sura inabadilika. Kati ya umri wa miaka 22 na 33, miaka kumi na moja ambayo beki anatoa mazao yake yote, alivaa jezi za klabu mbili tu. Kuhama kwingine kote kuko kwenye ncha mbili za maisha yake ya mupira: mwanzoni, wakati klabu ilianguka chini yake, na mwishoni, wakati miguu ilianza kuchoka. Kwa hiyo neno "muhamaji" ni kweli kwa hesabu ya klabu, na ni uongo kwa hesabu ya miaka. Mutu akisoma sivi bila kuangalia tarehe, haijasoma.

2. MIAKA SABA YA KUGAWANA NAFASI

Wengi wanaruka hii sehemu, na mimi ninaona njo shina la mambo yote.

Deportivo ya wakati ule, ya kocha Javier Irureta, haikuwa ekipe ya mchezo. Tarehe 6 Machi 2002, siku Real Madrid ilikuwa inatimiza miaka mia, Deportivo iliingia mu uwanja wa Santiago Bernabéu na kuchukua Kombe la Mfalme kwa 2-1, keki ikabaki mezani. Mu 2004, baada ya kupigwa 4-1 na Milan kule Italia, ikaipiga Milan 4-0 nyumbani na kufika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa.

Ndani ya ekipe hiyo, upande wa kushoto wa nyuma ulikuwa na watu wawili: Enrique Romero na Capdevila. Leo huyu, kesho yule. Mara nyingine Capdevila alipelekwa mbele kidogo, akacheza kiungo wa pembeni. Kwa kijana mwenye kiburi, hiyo ni sababu ya kuondoka. Yeye akakaa, na nafasi ikawa yake.

Faida ya kukaa ilikuwa gani? Mutu anayecheza mara nyuma, mara mbele, kwenye mustari ule ule mumoja, anajua ule mustari wote, kutoka bendera ya kona mpaka bendera ya kona. Anajua beki anataka nini kwa winga, na winga anataka nini kwa beki. Hiyo elimu haionekanake siku ya kwanza. Hata kocha wa taifa Luis Aragonés haikuiona mapema: mu Kombe la Dunia la 2006 Ujerumani aliwachukua Mariano Pernía na Antonio López kwa upande ule. Capdevila, miaka 28, akabaki nyumbani.

Miaka miwili nyuma alikuwa bingwa wa Ulaya. Miaka minne nyuma, bingwa wa dunia. Mutu ambaye kwa miaka 28 hayupo hata kwenye orodha, na kwa miaka 32 anaanza fainali, hapana bahati ile peke yake. Katikati hapo kulikuwa Villarreal ya Manuel Pellegrini, klabu ya mji ambao watu wake wote wanaweza kuingia mu uwanja mumoja mukubwa na viti vikabaki. Msimu wake wa kwanza pale, Villarreal ilimaliza ya pili mu ligi na pointi 77, nyuma ya Real Madrid na mbele ya Barcelona. Mwaka uliofuata ikafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, Arsenal ikaitoa.

3. ABIRIA MWENYE NAMBA 11

Sasa tufike Johannesburg, 11 Julai 2010, uwanja wa Soccer City. Walioanza kwa Uhispania: Casillas; Ramos, Piqué, Puyol, Capdevila; Busquets, Xabi Alonso; Iniesta, Xavi, Pedro; na Villa mbele. Chukua kalamu, andika klabu pembeni ya kila jina. Utaandika Real Madrid na Barcelona, Real Madrid na Barcelona. Villa alikuwa ametoka Valencia, lakini tayari alikuwa amesaini Barcelona kabla ya mashindano. Linabaki jina moja tu la nje: Capdevila wa Villarreal. Kutoka hapo njo ile kicheko ilianza. Mu picha ya familia ya matajiri, yeye anaonekana kama shemeji wa kijijini.

Lakini tuulize swali la kocha. Vicente del Bosque alikuwa na ruhusa ya kumuweka yeyote. Mbona alimuanzisha huyo mu mechi zote saba, kutoka ile ya kupigwa 1-0 na Uswisi kule Durban mpaka fainali?

Angalia namna ekipe ilikuwa imejengwa. Upande wa kulia Sergio Ramos alikuwa anapanda kama vile hakuna kesho. Akipanda, nyuma wanabaki watatu, na mumoja kati yao ni beki wa kushoto. Upande wa kushoto, Villa alianzia pembeni lakini kazi yake ilikuwa ndani, kwenye goli. Iniesta naye, ukimupanga wapi, moyo wake unamuvuta katikati. Kwa hiyo mustari wote wa kushoto ulikuwa mutupu. Mutu mumoja alipaswa kuufanya upana wakati Uhispania iko na mupira, na kuufunga wakati haiko nayo. Hapana wawili, mumoja. Na huyo mumoja hangepewa mupira mara nyingi, wala hangeruhusiwa kukosea mara nyingi.

Hapo unaelewa ile namba 11 aliyovaa mugongoni. Kwa kawaida ni namba ya winga. Kwa mu ile ekipe haikuwa namba ya uongo.

Na hatari ilikuwa kubwa kuliko tunavyokumbuka. Leo tunazungumza ile Uhispania kama vile ilikuwa inapiga watu mabao matano. Hapana. Mu mechi saba ilifunga mabao 8 tu. Kuanzia hatua ya mutoano, mechi zote nne zilikwisha 1-0: Ureno, Paraguay, Ujerumani, Uholanzi. Maana yake kosa moja la nyuma lilitosha kubadilisha historia. Ile nyuma iliruhusu mabao mawili mu mashindano mazima, moja la Uswisi na moja la Chile, na baada ya hapo hakuna. Ekipe inayoishi kwa bao moja haina nafasi ya abiria mu mustari wa mabeki wanne.

Mu fainali muchezaji wa hatari wa Uholanzi alikuwa Arjen Robben, na Robben alianzia upande wa kulia, yaani mbele ya Capdevila. Tunakumbuka wote ile mipira miwili Robben alibaki na Casillas peke yake. Lakini rudia kuiangalia. Ule wa kwanza ulitoka kwa pasi ya Sneijder iliyopita katikati ya mabeki wa kati. Ule wa pili alikuwa anakimbizana na Puyol. Ile mbinu yake inayojulikana dunia nzima, kuanzia pembeni, kukata ndani, kupiga na mguu wa kushoto, siku ile haikuzaa bao. Hakuna mutu alimupongeza Capdevila kwa hiyo. Goli la Iniesta la dakika ya 116 lilifunika yote, na ni sawa, goli njo linachukuaka kombe.

4. NAMNA YA KUPIMA KILE HAKIKUTOKEA

Hapa nitaomba ruhusa ya kuingia kidogo mu shamba langu.

Siye tunaotoka ku milima tunajua zile nyasi tunapanda kwa mistari kukata mteremuko, ili mvua isibebe udongo. Mulimaji akikuja kuvuna, anahesabu mahindi, anahesabu maharagwe. Ile mistari ya nyasi haina kilo. Mara nyingi anasema: inakula nafasi yangu, niing'oe. Udongo uliobaki hauandikwake mu daftari, juu uko pale pale ulikuwa. Namna pekee ya kupima kazi ya zile nyasi ni kuangalia shamba la pembeni, lenye mteremuko ule ule na mvua ile ile, ambako hazikupandwa.

Beki ni vile vile. Tunahesabu mabao na pasi za mwisho, halafu tunasema: huyu alifanya nini? Swali zuri ni: bila yeye, ama siku yeye alishindwa, ilikuwa namna gani?

Siku aliyoshindwa tuko nayo. 24 Juni 2009, Bloemfontein, nusu fainali ya Kombe la Mabara. Uhispania ilikuwa haijapoteza mu mechi 35, imelingana na rekodi ya Brazili, na imeshinda 15 mufululizo. Marekani ikaipiga 2-0. Bao la kwanza, dakika ya 27: Jozy Altidore anapokea na mugongo, anageuka, anamuzuia beki kwa mwili, anapiga. Beki huyo ni Capdevila. Na Altidore alikuwa muchezaji wa Villarreal kama yeye, walijuana. Hiyo ni doa lake, siifichi. Nguvu za mwili na mbio za ghafula hazikuwa zawadi yake kubwa. Lakini ona kile doa hilo linatufundisha: mara moja tu ule upande ulipovunjika, safari ya mechi 35 ikakatika. Kama angekuwa abiria, kuanguka kwake hakungeangusha gari.

Na upande wa pili wa mizani, mu Kombe la Ulaya 2008, mechi ya Sweden: 1-1, dakika ya nyongeza, watu wanasubiri filimbi. Capdevila anapiga mupira murefu kutoka nyuma kwa mguu wa kushoto, Villa anaupokea, anafunga, 2-1. Uhispania ya pasi fupi fupi ilipona kwa pasi ndefu ya yule mutu wanasema hakuwa na kitu cha kuongeza.

Sasa niseme na mipaka ya hii namna ya kupima, juu nisipoisema wenzangu wa takwimu watanikamata. Villarreal ilishuka daraja mu 2012, mwaka mumoja tu baada yeye kuondoka. Ningeweza kupiga kelele: munaona, nyasi ziling'olewa, udongo ukaenda! Sitafanya vile. Majira yale yale Santi Cazorla aliuzwa Málaga, na Giuseppe Rossi akaumia goti. Mvua yenyewe haikuwa ile ile. Mutu anayetaka kumutetea Capdevila asimutetee kwa ushahidi wa bei rahisi.

5. DENI

Tufike sasa mu 2011. Ana miaka 33, ana mechi zaidi ya hamsini za taifa (alimaliza na 60, na mabao 4), ana Ulaya, ana dunia. Anaenda Benfica. Majira yale yale Benfica inamuleta pia Emerson, beki wa kushoto wa Lille iliyokuwa bingwa wa Ufaransa. Kocha Jorge Jesus anachagua Emerson. Wakati wa kuandikisha wachezaji wa hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa, jina la Capdevila halimo. Bingwa wa dunia aliyeanza mechi zote saba, mwaka mumoja nyuma, anaangalia kwenye televizio.

Hii njo sehemu dhaifu ya maisha yake ya kazi, na ninaona kosa lilikuwa lake. Mutu wa kazi kama yake hapaswi kuchagua klabu kwa ukubwa wa jina. Anapaswa kuuliza kwanza: kuna upande mutupu hapo? Kocha huyu anahitaji mutu wa kuufunga? Villarreal ilimuhitaji. Uhispania ilimuhitaji. Benfica ilikuwa na mutu tayari. Mushambuliaji anaweza kuingia popote na mabao yake mufukoni, anasema: nilifunga 20, niwekeni. Capdevila hakuwa na kitu cha namna ile cha kutoa mufukoni. Thamani yake ilikuwa inatokea tu ndani ya ekipe iliyojengwa na pengo la sura yake. Nje ya pengo hilo, alikuwa beki wa miaka 33.

Deni nililosema pale juu njo hilo. Kazi ya kukamilisha wengine haibebeki kirahisi kutoka mahali moja kwenda mahali pengine.

Na bado, tarehe 4 Aprili 2012, Benfica ilikwenda London kucheza na Chelsea robo fainali, mabeki wake wa kati wamekosekana. Emerson akasukumwa katikati, na kushoto akarudishwa nani? Capdevila. Benfica ilipoteza 2-1 ikatoka, lakini siku ya shida mupira ulijua nyumba yake. Wakati huo taifa lilikuwa limekwisha kumupata Jordi Alba, kijana mwenye mbio, na ile kambi ya Kombe la Ulaya 2012 Capdevila hakuingia tena. Mwaka mumoja mu benchi, kwa umri ule, uliitosha.

Kuhusu India, nitasema wazi. Ile ligi mupya ya 2014 ilikuwa na klabu nane, na kila moja ilitafuta jina kubwa la kupamba bango: Del Piero Delhi, Trezeguet Pune, Ljungberg Mumbai, Robert Pirès, muchezaji mwenzake wa zamani wa Villarreal, Goa. Capdevila alikuwa jina la Guwahati. NorthEast United ilimaliza ya nane kati ya nane. Kule Ubelgiji, Lierse ikashuka daraja mu 2015. Mutu asituambie kwamba hizo safari ziliongeza kitu ku heshima yake ya mupira; haziongezi. Lakini hazipunguzi vilevile. Ukipima shamba kwa mavuno ya msimu wa kiangazi, umelionea. Na ninaheshimu namna alivyomaliza: bingwa wa dunia mu viwanja vya Andorra, bila kusubiri mutu amuite shujaa.

6. NA SIYE?

Mbona naandika haya kwenye ukurasa wa walisansie? Juu naonaka namna tunasomana siye kwa siye. Tangu nimalize lisansi ya agronomia, nimefanya kontra tatu kwa miradi tatu: miezi sita, miezi minane, mwaka mumoja. Siku moja mu kuhojiwa kwa kazi, muheshimiwa mumoja aliangalia sivi yangu nusu dakika, akasema: "Wewe haukaake mahali." Miradi ilikuwa imefika tarehe yake ya mwisho, wafadhili walifunga daftari, gari likarudi. Ningekaa na nani? Najua humu ndani wako kumi, makumi, wameambiwa neno hilo hilo. Na mara nyingine siye wenyewe njo tunaliambiana, tukisikia mwenzetu amevuka kwenda Kigali ao Kampala kutafuta kazi.

Kutoka kwa Capdevila mimi ninachukua mambo mawili, na yanavutana, siwezi kuyapatanisha kwa nguvu.

La kwanza: kabla ya kumuita mutu muhamaji ao abiria, weka tarehe pembeni ya kila mahali alipita, na uulize kila mara kwa nini aliondoka. Kuondoka Atlético iliyoanguka hakufanani na kuondoka Villarreal, na kuondoka Villarreal hakufanani na kuondoka Benfica.

La pili ni chungu zaidi. Wengi kati yetu tunafanyaka kazi ya Capdevila: tunapima udongo ili mwenye mradi aandike ripoti, tunapanga mistari ya nyasi ili mulimaji ahesabu mahindi. Ni kazi ya kweli. Lakini kama hatuandiki kile tulichozuia kisiharibike, hakuna mutu ataandika badala yetu, na siku mradi ukifunga tutatoka mikono mitupu kama yeye alivyofika Lisbon. Yeye alikuwa na medali ya kuonyesha, na hata hivyo alikaa mu benchi. Siye hata medali hatuna. Basi tuweke daftari letu: kabla tulikuta nini, baada tuliacha nini, na shamba la pembeni lilikuwa namna gani.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la juu: alibeba. Alibeba upande mumoja wa uwanja ambao mabwana wakubwa waliuacha mutupu, akaubeba miaka mitatu ya dhahabu, na akaangusha mara moja, Bloemfontein. Mwenye kuona vingine alete hoja yake hapa, nitaisoma. Lakini tafazali, alete na mechi, na dakika.